Macho ya Chatu

Chato, 3 Machi 2024

Shikamoo dada Limi,

Habari za Kishapu? Mama mkubwa anaendeleaje na mguu? Mimi mzima. Naandika kwa sababu nasikia simu yako bado iko kwa fundi.

Hapa kwenye kituo cha mafunzo ya wanyamapori tuko vijana tisa. Asubuhi tunahesabu vyura kando ya ziwa, mchana tunasafisha mabanda ya nyoka na kobe. Juzi tuliitwa Rwamgasa kumtoa swila aliyeingia kwenye duara, shimo la dhahabu, wachimbaji wamekaa juu wamekataa kushuka. Nilimtoa kwa fimbo ya ndoano. Walinipigia makofi, dada, nikatamani ungekuwepo.

Mdogo wako,
Lusia

Kishapu, 15 Machi

Mdogo wangu Lusia,

Marahaba. Mguu wa mama una nafuu, na pamba haijambo. Mimi pia sijambo, kama unataka nikudanganye.

Makofi yako yamefika mpaka huku. Mama kamwonyesha barua kila aliyepita, hata muuza dagaa. Wewe uliyekuwa ukiona mjusi unapanda juu ya kitanda! Mimi ndiye niliyebeba kikapu cha nyoka cha Babu Ndaki miaka yote aliyocheza ngoma ya nyoka na Bayeye wenzake. Lakini walimu wenu walipokuja hapa Mhunze kuchagua mtu mmoja, nilimvaa nyoka shingoni kama Babu, wakatazamana, wakaandika kitu. Wewe ukamsogeza kwa fimbo umesimama mbali, ukachaguliwa. Haya, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Nakuonea wivu, Lusia. Bora nikuambie mwenyewe.

Dada yako,
Limi

Chato, 2 Aprili

Shikamoo dada,

Hamjambo wote? Ya kenge nimeyacheka. Nyoka umenifundisha wewe, na hapa kila mtu nimemwambia.

Nina swali. Kuna chatu jike hajala wiki tatu. Macho yamekuwa meupe kama maji ya mchele, na ukimsogelea anarusha kichwa. Tumfanyeje? Nijibu kwa mwandiko wako, umpe kondakta wa basi kabla ya tarehe ishirini. Tafadhali sana, usichelewe.

Mdogo wako,
Lusia

Kishapu, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima.

Huyo chatu ni mkaidi tu. Mtoeni nje kila siku, mshikeni mpaka azoee, halafu mpanueni mdomo mumlishe kwa nguvu. Macho yaosheni kwa maji ya chumvi. Nilidhani huko mnafundishwa.

Dada yako,
Limi

Chato, 26 Mei

Dada Limi,

Mimi mzima. Chatu naye mzima, hakuna aliyemgusa.

Swali lile halikuwa langu. Kituo kilitaka mtu mmoja zaidi wa kukaa Rwamgasa, anayejua nyoka tangu utotoni. Nilimsumbua Mwalimu Bhoke, mmoja wa wale waliokuja Mhunze, mpaka akakubali kukufikiria tena. Sharti lake ni ujibu swali moja, nami nisikuambie kuwa ni mtihani.

Bahasha yako nilimpelekea bila kuifungua. Nilitaka niuone uso wake akisoma. Alisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, kisha akaniuliza kama huyu ndiye dada niliyemsifia.

Jibu ulilijua. Nilikuwa na miaka minane uliponifundisha. Wamemchukua mtu wa Katoro.

Lusia

Kishapu, 9 Juni

Mdogo wangu Lusia,

Sikuulizi hali, sina uso huo.

Ndiyo, nilijua. Jibu la kweli niliandika kwanza, ukurasa mzima. Halafu akilini nikakuona umesimama mbele ya watu ukilisema kama lako, nao wakipiga makofi. Nikalichana. Kwa wivu nikaandika yale mengine nikijua kabisa kwamba yangeweza kumuumiza mnyama.

Mpe Mwalimu Bhoke haya, najua nafasi imekwenda. Chatu akiwa na macho meupe anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, ndiyo maana ni mkali. Mwekeeni beseni la maji na mahali pa kujificha, msimshike, msimpe chakula mpaka amalize. Nilifundishwa na Babu Ndaki. Na kuvaa nyoka shingoni ilikuwa ngoma, haikuwa kumtunza. Hilo nimelielewa mwaka huu.

Barua yako haikuanza na shikamoo. Nimeirudia mara nyingi nikiitafuta. Ukiandika tena, hata mstari mmoja, anza nayo.

Marahaba naiweka hapa, ikungoje.

Dada yako, ukikubali,
Limi