Kocha Alijua Nini Wakati Ule

Baba,

Sasa hivi mjukuu wako Neema kachukua kiazi kwenye beseni langu, kakipiga teke kikaingia chini ya jokofu, kisha kanyoosha mikono yote miwili juu kama mwamuzi wa mechi, vile ulivyomfundisha. Nimemwambia akitoe. Kanijibu kwa Kiingereza chake kwamba pointi zimeshaingia, hakirudi. Nikacheka, halafu nikakukumbuka. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Viazi vitangoja.

Leo ni Jumamosi, Baba, na runinga inawaka. Utashangaa naileta kama habari kubwa. Tangu tukuzike, mwanao Elia hajaiwasha siku ya mechi hata mara moja. Jumamosi anaomba shifti ya ziada huko mji wa jirani, Coon Rapids, anarudi giza limeingia, anakula, analala. Kiti chako cha dirishani hakikaliwi na mtu, ila mwanasesere wa Neema.

Nakumbuka ulipokuja kukaa nasi huku ughaibuni, hapa mjini Crystal. Miezi ya kwanza nilikuwa nakuwekea chai narudi jikoni. Mkwe atakaaje sebuleni na baba wa mume wake, abishane naye? Sikulelewa hivyo. Mpaka siku ile timu ya chuo kikuu inacheza ule mpira wa Kimarekani wa kushika mikononi, mimi niko kwenye sufuria, nikasahau adabu nikapaza sauti, "Butua mpira, kocha, unangoja nini?" Ukageuka polepole. "Kumbe mkwe unaujua huu mchezo?" Nikasema nimefundishwa na mzee mmoja ninayemhudumia kazini. Ukavuta stuli. "Kaa hapa unieleze. Mpira ukichezwa mimi si mkwe wako, mimi ni mtazamaji mwenzio."

Basi mimi wa darasa la saba nikakufundisha wewe, mwalimu mstaafu. Kwamba wana majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na likifika la nne hawajazimaliza, wengi hubutua mpira mbali, maana ukijaribu ukashindwa unawaachia wapinzani mpira pale pale. Ulielewa mara moja. Na ubishi ukaanza siku hiyo hiyo.

Unaikumbuka ile mechi tuliyobishania wiki nzima? Tunaongoza kwa pointi tatu, muda umekaribia kwisha, jaribio la nne, imebaki yadi moja tu. Kocha akakataa kubutua. Kijana akakimbia na mpira, wakamlaza hapo hapo, wapinzani wakauchukua wakatufunga. Kesho yake kanisani kila mtu anamsema kocha, hata wasiojua ule mpira una umbo gani, na mimi nikiwa wa kwanza. Wewe ukaniambia, "Mama Neema, usinipe matokeo. Matokeo hata mtoto anayaona. Wakati ule anaamua, alijua nini?" Nikakujibu, "Alijua yule mlinzi wake wa kushoto, wa kumfungulia njia mkimbiaji, anachechemea, Baba." "Hilo sikuliona," ukasema, ukacheka mpaka chai ikamwagikia blanketi lako la magotini. Lakini kukubali hukukubali. Ulikuwa mbishi, Baba, Mungu akurehemu.

Nakuandikia kwa sababu ya Elia. Siku ile hospitali ulikuwa hujitambui, hukumwona mwanao alivyosimama. Daktari alimweleza kwamba wakikupasua kuna nafasi, wasipokupasua nafasi ni ndogo zaidi, na hakuna muda wa kupiga simu nyumbani kuwauliza wakubwa. Akatia sahihi peke yake. Hukuamka.

Sasa dada yako, Shangazi, akipiga simu kutoka Moshi, hasemi kwa ubaya, anamlilia kaka yake tu. Ila haachi kuuliza, "Mngemwacha apumzike, si angekuwepo hata siku mbili tatu tukamuaga?" Elia anasema, "Ndiyo, Shangazi," anaweka simu, anakwenda kukaa ndani ya gari uani. Injini imezimwa. Mimi namwangalia dirishani, nimembeba Neema.

Leo asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu aende kwenye shifti ambayo sina hakika kama ilikuwepo. Nikakaa sakafuni mbele yake. Nikamwambia, Baba Neema, usinipe matokeo. Wakati ule unashika kalamu, ulijua nini?

Alivua kiatu kimoja. Kisha akaanza. Alijua vidole vyako vimeshakuwa baridi. Alijua daktari hakumficha kitu. Alijua juzi yake ulisema unataka kumwona Neema akianza shule. Halafu akalia, Baba. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alilia kimya, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Hakwenda kazini. Sikumwambia aliamua vizuri, maana mimi sijui, na wewe ungenikatalia kusema nisichokijua. Nilimwekea chai, nikawasha runinga, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Naamini atapona. Haitakuwa leo, wala sitamharakisha. Neema akianza shule, mkono mmoja utashikwa na mimi, mwingine na baba yake. Na nakuahidi hili: Shangazi akipiga simu, nitapokea mimi kwanza. Nitamweleza kwa heshima, taratibu, yale yote ambayo mwanao aliyajua siku ile, ili aache kumuuliza na yeye naye apate kulala. Nadhani atanisikiliza. Ni mtu wa huruma, ana uchungu tu.

Pumzika, Baba. Nakuaga kwa leo kwa mikono ya maganda ya viazi, utanisamehe karatasi imechafuka. Nilitaka pia kukuambia kuhusu...

Ngoja, Baba. Elia ananiita sebuleni. Anasema huyu kocha leo kapata wazimu, dakika ya mwisho hii hataki kubutua, nije nimtetee kama naweza. Sikia sauti yake, Baba, ni kama yako ukibisha.