Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Jumanne, 7 Julai

Imeuzwa! Nyumba ya fundi cherehani imeuzwa, na aliyeiuza ni binti yangu! Naandika hata koti sijavua.

Haya, nianze vizuri sasa. Sijambo. Magoti yananiuma, kuni zimebaki za wiki mbili, na sakitu leo imekaa nyeupe juu ya majani mpaka saa tano. Lakini nani ana habari na magoti! Bonde hili lina nyumba saba zenye kufuli. Miaka miwili hakuna aliyenunua hata banda la kuku. Madalali wa mjini, wenzake binti yangu, walimcheka: kipupwe hakiuzi nyumba, ngoja jua. Akawaambia atauza kipupwe hiki hiki. Na kauza! Mimi wa darasa la saba, nimezaa mtu mwenye ofisi na kadi zenye jina lake.

Na mkono wangu umo. Siku tatu nimekoka jiko kule, madirisha wazi, ili ukuta wa chumba cha nyuma ukauke. Kisha nikapaka rangi, mara mbili. Rangi ya maziwa, nzuri! Binti akawaleta wanunuzi saa sita kamili, maana upande ule jua linafika saa tano na saa nane limeshajificha nyuma ya kilima. Mume mrefu, mke mdogomdogo mcheshi, watoto wawili wa shule na mmoja wa mgongoni. Mke akaweka kiganja ukutani. Akauliza, kipupwe humu hamna unyevu?

Nikadakia mimi: pakavu kama biskuti, mwanangu!

Wakacheka. Leo wametia sahihi.

Jumatano, 8 Julai

Dukani wamenipokea kama bibi harusi. Mama Dalali, karibu! Mama Dalali, kaa hapa karibu na jiko! Mwenye duka, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kijiti cha meno bure, kanipa chai. Nimeinywa polepole, kila mtu aone.

Mwalimu alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Shule ina watoto tisa. Barua ya wakubwa ilisema wasipofika kumi muhula huu, inafungwa, na hawa tisa watavuka mlima kila siku na sakitu hii. Sasa watakuwa kumi na mmoja. Alitaka kunishukuru, akashindwa, akanishika mkono tu. Mwanamume mzima, macho yamejaa maji.

Mwenye duka kasema, mwacheni, moshi wa jiko huo.

Nimelala — hapana, sijalala bado, naandika. Nina furaha. Basi.

Ijumaa, 10 Julai

Nilikwenda kufagia kule. Nilitaka wakute pananukia.

Ukuta umerudia hali yake.

Chini ya dirisha, rangi imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nikabonyeza kwa kidole — maji. Na juu yake doa jeusi, ukubwa wa mfuniko wa sufuria. Siku nne tu bila moto! Nikafuta kwa kitambaa. Doa likatoka, harufu haikutoka. Naijua harufu ile.

Niiandike, maana hakuna anayesoma humu. Mtoto wa fundi cherehani alilala chumba kile kipupwe chote, miaka miwili iliyopita. Alikuwa akihema kama mvukuto. Usiku mama yake alimketisha kitandani, amwegemeze, apate pumzi. Daktari akamwambia: tatizo si dawa, ni nyumba hiyo. Wakafunga mlango, wakaondoka. Msichana yuko hai, ila mpaka leo hatembei bila bomba lake la kuvuta dawa.

Sote tunajua. Sote.

Jumapili, 12 Julai

Binti kaja. Viatu vya ngozi, gari limepigwa sabuni, majirani wote madirishani. Nikasimama naye nje makusudi wamwone. Nikampikia. Akala vizuri, akasifu.

Nikamwambia habari ya ukuta. Nikasema, waambie, mwanangu, au parekebishwe kwanza, fundi mwashi achimbue ile plasta yote.

Akaweka kijiko chini. Kasema fundi alishaiangalia mwaka jana: maji yanatoka mlimani, yanapita chini ya msingi. Kuchimbua plasta ni kumfuta mtu jasho wakati homa iko ndani. Wanunuzi wamesharudisha funguo za walikopanga. Akiwaambia sasa, wanarudishiwa fedha na ofisi yake inafungwa mlango wiki hiyo hiyo.

Nikasema, lakini ulipowaonyesha...

Akasema taratibu, bila hasira: Mama, mimi sikusema ni pakavu. Sikusema neno. Wewe ndiye uliyesema.

Nikamtazama. Nikakumbuka siku ile, yule mke alipoweka kiganja ukutani, binti yangu aligeuka akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta mpaka nikajibu.

Nikamuuliza kama ndiyo sababu alitaka niwepo. Akasema, watu wanakuamini, Mama. Kisha akaniosha vyombo. Hajaosha vyombo hapa tangu aolewe.

Ni mtoto mwema. Naandika tena: ni mtoto mwema. Alinijengea choo cha ndani. Ananipigia kila Jumapili.

Jumatatu, 13 Julai

Nimemwambia mwenye duka. Nilidhani atashtuka. Akaendelea kufunga sukari.

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo alivyonijibu.

Nikamwambia, hawa hawapiti, dada. Wanakuja kulala humo.

Hapo akakasirika. Kasema: zahanati ilifungwa, tukanyamaza. Basi likabaki la Jumanne tu, tukanyamaza. Leo tunapata watoto wawili, ghafla wewe una dhamiri! Uliponunua rangi kwangu ilikuwa wapi? Ukifungua mdomo umeifunga shule. Wajukuu zangu wawili wako katika wale tisa. Wao mapafu hawana?

Rangi kweli nilinunua kwake.

Mwalimu alikuwa pale, anachagua chaki. Nikamgeukia. Alizihesabu zile chaki, akazihesabu tena. Mwisho akasema labda watoto walazwe chumba cha mbele. Akatoka bila kunitazama.

Jumatano, 15 Julai

Mke kanipigia simu! Namba kaipata kwa binti. Sauti yake imejaa kicheko, huku nyuma masanduku yanaburuzwa, watoto wanapiga kelele. Shikamoo Mama, mimi yule wa nyumba. Anataka ushauri tu, kwa sababu mimi ni mtu mzima na nakijua kipupwe cha huku.

Nikasema, walaze watoto chumba cha mbele, mwanangu. Wote. Nyuma wekeni masanduku.

Akasema, cha mbele mume wake ataweka meza yake ya kutengeneza redio, wateja waingie kwa urahisi. Na cha nyuma amekipenda, rangi yake kama maziwa! Ameshashona pazia. Kitinda mimba atalala pale chini ya dirisha, apate hewa, kwa sababu kifua chake si kizuri. Huko wanakokaa kuna vumbi la barabara. Ndiyo maana wanahama.

Nikakaa kitini.

Akasema, Mama, upo?

Nikasema nipo.

Akasema tangu uliponiambia pakavu, nimelala usingizi. Mama aliyezaa kama wewe hawezi kunidanganya.

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nikaizima simu.

Alhamisi, 16 Julai

Kulipambazuka na barafu ndani ya ndoo. Nimekwenda kule mapema. Doa limerudi pale pale, na lingine limeanza kwenye kona. Ukutani maji yanateremka kama jasho la mgonjwa.

Mwenye duka katuma kopo la rangi mlangoni kwangu. Halina ujumbe. Liko mezani, sijalifungua. Simu nayo iko mezani. Nimeichukua mara tatu. Mara ya tatu iliita, nikakata kabla yule mke hajapokea.

Jioni binti kapiga. Amefurahi, anaongea haraka. Kasema mwalimu amewafundisha watoto wimbo wa kuwapokea wanunuzi. Mwenye duka anapika. Mkuu wa madalali wa mjini anakuja kupiga picha, maana hii ndiyo nyumba ya kwanza kuuzwa kipupwe. Na ufunguo, Mama, nimesema utaukabidhi wewe kwa mkono wako, useme na maneno mawili mbele ya watu. Nani mwingine!

Nimemwuliza niseme nini.

Kasema, utajua, wewe maneno hayajawahi kukushinda.

Gari la mizigo saa nne, jua halijafika bado upande ule. Mume, mke, wale wawili, na yule wa kifua. Shule nzima. Bonde zima. Wanakuja wote Jumamosi.