Kohoa Kabla ya Kona

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Hapa Lamu sote tu wazima. Goti la bibi yako limepona, na ameshaanza tena kugombana na kila mtu.

Waniambia kwamba ukienda kazini kwa miguu huko Uchina, wauza maandazi ya mvuke na wazee wacheza karata hukukodolea macho, na sasa wewe wataka kupitia uchochoro wa nyuma. Waniuliza kama nami niliwahi kuwa mgeni hivyo.

Miaka ya hamsini nilitoka Siyu kuja hapa kushona makubadhi. Niliona haya kupita mbele ya wanaume wa mabarazani, nikakata kwa nyuma, nisijue ile ni ndia ya wanawake. Wanawake wakatawanyika wakijifunika buibui. Bibi mmoja akanena kutoka mlangoni, "Kwetu mume hukohoa kabla ya kona, tuyue yuwaja."

Nilitamani kurudi Siyu siku ile ile. Lakini asubuhi yake nikapita ndia kuu, nikamsalimu kila aliyeketi, aitikie asiitikie. Na kila nilipofika kona inapokutana na ile ndia ya wanawake, nilikohoa. Nilishikilia hivyo hadi asubuhi moja, baada ya kukohoa, nikamsikia yule bibi akisema ndani, "Ni Msiyu wetu huyo. Mwacheni apite."

Sijui huko watu hukohoa vipi kabla ya kona. Uliza, mama, kisha kesho upite ndia ile ile.

Babu yako