Baba, Nyambizi na Mtoto Aliyechelewa Kurudi

Jumamosi jioni, Ngarenaro.

Baridi ya Julai imetukamata vibaya. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, na wingu limeushukia mji mpaka maduka ya mtaani kwetu yamewasha taa mchana. Nimerudi kutoka Kikwe kwa wazazi wangu, viatu vimejaa tope na bado sijavivua. Nimekaa ukingoni mwa kitanda na koti langu mwilini.

Sijui kama nina nguvu za kuandika haya. Lakini nisipoyaandika leo, kesho nitaanza kujidanganya kwamba hayakuwa hivyo.

Baba yangu hanijui tena.

Nimewahi kugusia hapa kwamba anasahau. Ilianza na funguo, ikaja majina ya majirani, mwisho ikanifikia mimi. Daktari alituambia ubongo wake unachoka na hautarudi ulivyokuwa. Mama bado baba anamjua. Anamwita vile alivyomwita miaka yote, Mama Aneth. Aneth ndiye mimi, mtoto wao wa pekee. Sasa nikiingia ndani na kumwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kwa upole, kama anavyowaitikia wageni wa kanisani, halafu anamgeukia mama.

"Mama Aneth, huyu dada ni nani?"

Jina langu linamtoka mdomoni kutwa nzima. Mwenye jina ndiye asiyemwona.

Ndiyo maana nikaufikiria ule mchezo.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia shule ya msingi. Bahari aliiona alipokwenda Tanga kwenye mafunzo, na aliniambia hakuthubutu kuingiza hata kidole cha mguu. Lakini nilipokuwa darasa la tano, Mholanzi mmoja aliyekuwa akichimba visima upande wetu alimaliza kazi, na kabla ya kuondoka akampa baba kompyuta yake, shukrani kwa kumfundisha Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, wa nyambizi katika Vita Kuu ya Pili, huko Bahari ya Pasifiki, Wamarekani wakiwinda meli za Wajapani.

Nasema mchezo, lakini mtu angetukuta tunaucheza asingeona cha kuchezea. Skrini yote ni maji. Unaweza kwenda na kwenda usikutane na chochote. Kisha kwa mbali kunatokea moshi mwembamba wa meli, na hapo moyo unaanza kukudunda. Unazama, unakadiria meli inakwenda kwa kasi gani na inaelekea wapi, unapiga torpedo, bomu linalokimbia chini ya maji, mahali ambapo meli haijafika bado, kisha unangoja. Baba alikuwa anapima pembe kwa ile protrakta kubwa ya mbao ya ubaoni, ameiegemeza kwenye kioo cha kompyuta.

Yeye alikuwa nahodha. Mimi nilikuwa mtu wa masikio. Nilivaa vile visikilizio vikubwa, nikasikiliza mapangaboi ya meli chini ya maji na kumwambia inatokea upande gani, ni ya mizigo au ya kivita. Tukiwindwa na manowari alizima injini, na nyumba nzima ikatakiwa kunyamaza. Mama akikaanga vitunguu jikoni, baba aliinua mkono na kunong'ona, "Mama Aneth, tutasikika!" Mama alijibu kwa sauti kubwa makusudi kwamba hao Wajapani waje tu, chakula kimeiva, watakula na sisi.

Umeme ulipokatika, tulikaa gizani tukicheka kwamba tumezama.

Sijawahi tena kukaa na mtu namna ile, hatuzungumzi, tunasikiliza kitu kimoja. Nimeolewa na nimeachika, na hata kwenye ndoa sikuupata ukimya wa aina hiyo. Nilipokwenda sekondari ya bweni kompyuta ilikufa, na baba hakutafuta nyingine. Alisema nyambizi haiendi bila mtu wa masikio.

Diski ya ule mchezo mama alikuwa ameitunza kwenye sanduku la vitenge. Nilimpelekea Hamza, jirani yangu anayetengeneza kompyuta, akahangaika nayo mpaka ikakubali kufanya kazi kwenye laptopu yangu. Siku ananikabidhi alikuwa na mashaka usoni.

"Dada Aneth, huu mchezo mbona ni maji matupu?"

Nikamwambia ndio utamu wake. Akacheka, akasema basi Mungu akupe subira.

Sikumwambia nilichokuwa nakitarajia. Hata mimi mwenyewe nilikuwa naona aibu. Nilitarajia baba aisikie ile injini, anigeukie, aseme jina langu akiniangalia mimi.

Leo baada ya chakula cha mchana nimeiweka laptopu mezani pale sebuleni na kumvutia kiti. Nilipoifungulia sauti, aliacha kuchezea vifungo vya sweta yake. Akasogea. Akarekebisha miwani.

"Tupunguze mwendo," akasema.

Ilikuwa sauti yake ya darasani. Sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu sana. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni asiamini.

Alikumbuka kila kitu. Alijua tuko kati ya visiwa vya Formosa na Luzon, na kwamba misafara ya meli ni lazima ipite hapo. Alikataa tuibuke mchana kwa sababu ya ndege. Vidole vyake, ambavyo siku hizi vinashindwa kushika kijiko, vilijua vibonyeze vipi. Nikavaa visikilizio vyangu, nikaanza kumwambia ninachosikia, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na furaha ambayo sasa hivi inanitia uchungu kuikumbuka.

Kisha akasema, bila kugeuza uso, "Unasikiliza vizuri, dada. Lakini binti yangu anakuzidi."

Nikamuuliza binti yake yukoje.

Akaniambia. Yuko darasa la sita. Anaogopa ng'ombe lakini haogopi giza. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza mji mkuu wa nchi yoyote, anakutajia na kulala tena. Alinisimulia mtoto yule kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyasikia yakisemwa, kwa sababu baba zetu huku hawakuambii mambo hayo usoni. Ilinibidi niwe mgeni ndipo niyasikie.

Na nitakiri hapa. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mtoto wa darasa la sita ambaye ni mimi.

Manowari ikatukuta. Tukazama chini kabisa na kuzima kila kitu. Mabomu yalipoanza kupasuka juu yetu, baba alinishika mkono, akaubana, akanong'ona, "Kimya. Yatapita." Nikafumba macho. Nilitamani manowari ile isiondoke kamwe.

Ikaondoka. Baba akaniachia mkono, akatazama dirishani. Nje manyunyu yalikuwa yameanza.

"Saa hizi huwa amesharudi," akasema. Akainuka. "Mama Aneth, mtoto hajarudi shule?"

Mama alimwambia leo ni Jumamosi. Hakumsikia. Aliuchukua mwavuli nyuma ya mlango na kutoka na ndala zake, nami nikamkimbilia. Nilimwambia arudi, mvua inanyesha, akanishangaa.

"Wewe mtoto wako akichelewa ungekaa ndani?"

Nikafuatana naye.

Njia ya shule inapita kando ya mfereji wa kumwagilia mashamba, na maji yalikuwa yamejaa. Nilitembea upande wa maji ili asiteleze. Alikuwa ananifunika mwavuli, kwa sababu hata sasa baba yangu ni mtu muungwana, hawezi kumwacha mwanamke alowe. Kila tulipofika penye kona alisimama kuangalia mbele. Mama mmoja aliyekuwa anachuma majani ya maharage shambani akatuamkia.

"Shikamoo Mwalimu. Mnakwenda wapi na mvua hii?"

"Namtafuta Aneth," baba akamjibu. "Hujamwona?"

Yule mama aliniangalia. Ananijua tangu nazaliwa. Nikamtikisia kichwa, akaelewa, akasema hajamwona. Tulipompita niligeuka nikamkuta amejifunika uso na khanga.

"Wewe ni mtoto wa nani?" baba akaniuliza njiani.

 Nikasema mimi ni wa hapa hapa Kikwe. Akasema, "Vizuri, vizuri, labda nilimfundisha baba yako."

Shuleni geti lilikuwa limefungwa, uwanja mtupu, mvua inapiga mabati. Baba akashika nyaya za uzio. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Akaita kwa nguvu zake zote.

"Aneth! Aneee!"

Nami nikaitika. Sikupanga. Mtoto akiitwa na baba yake anaitika, mwili wenyewe unaitika.

"Abee, Baba!"

Akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake.

"Sijakuita wewe."

Akarudi kwenye uzio na kuita tena. Akaita mpaka sauti ikakwama, na ilipokwama akaanza kulia, mtu mzima, ameshika nyaya, anasema maji yamejaa mferejini, maji yamejaa, mtoto wangu hajui kuogelea.

Nilisimama kando yake, mzima, miguu yote miwili nchi kavu, na sikuwa na namna ya kumwambia kwamba sikuzama.

Mwisho nikamdanganya. Nilimwambia nimemwona Aneth, amepita njia ya juu na wenzake, atakuwa ameshafika nyumbani. Akanishika mabega akanishukuru. Akaniombea baraka, mimi na wanangu nisio nao. Tulirudi karibu tunakimbia.

Mama alitupokea mlangoni na taulo. Baba hata hakuifuta mvua kichwani.

"Amefika?"

Mama aliniangalia. "Amefika," akasema. "Amelala. Amechoka na shule."

Basi baba akavua ndala zake ili asipige kelele, akaingia kwa kunyata, akakaa na kutabasamu peke yake.

Jikoni mama hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea. Alikaa kwenye kigoda akikanda magoti yake yaliyovimba, akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo mashine uiondoe."

Nilimwambia lakini amekumbuka, umemwona mwenyewe alivyofurahi.

"Nimemwona. Hata mimi nimelia. Lakini wewe utaondoka saa hizi, Aneth. Mimi ndiye nitakayebaki kukutafuta kwenye mfereji kila siku, na magoti haya."

 

Nikaifunga laptopu. Baba aliniona naiweka kwenye mkoba, akasimama.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi, Baba."

"Irudishe. Mtoto akiamka ataiulizia."

Nikamwambia nitairudisha. Huo ukawa uongo wangu wa tatu kwa siku moja, na nilimwambia akiwa ananitazama machoni. Akanisindikiza mpaka kwenye ua kama mgeni anavyosindikizwa. Alinipa mkono. Nilitaka kumkumbatia, lakini mwanamke asiyemjua amkumbatieje mbele ya mkewe? Nilimpa mkono tu.

"Karibu tena, dada," akasema. "Siku nyingine uje mapema kidogo, utamkuta Aneth. Mtapatana."

Nilikwenda mpaka barabara ya lami bila kugeuka nyuma.

Mama amepiga simu sasa hivi. Baba amekula, ameniambia, kisha amekaa karibu na mlango wa chumba nilichokuwa nalala zamani, anamkataza kila anayeingia asiongee kwa sauti. Mama hajui atafanya nini kesho asubuhi, atakapotaka kumwamsha mtoto.

Nimeiwasha laptopu. Nyambizi ipo tulipoiacha, chini ya maji, injini zimezimwa. Nikivaa visikilizio hakuna chochote, bahari yote iko kimya. Nimekaa nayo kidogo. Bila baba haina ladha hata chembe. Nimeizima.

Najua watu wengi wanaikumbuka michezo ya utotoni kwa furaha, nami juzi tu nilikuwa mmoja wao. Sikujua kwamba kuna mahali mtu anaweza kurudi akakuta nafasi yake imekaliwa na yeye mwenyewe.

Jumamosi ijayo nitakwenda Kikwe. Lazima niende, mama hawezi peke yake. Nitabeba mkate, dawa ya magoti na sweta nyingine ya baba.

Ila nitakapobisha hodi nao wakauliza ni nani, nitasema ni nani?