Shada la Uzi wa Rozalia

Jumapili, 5 Desemba 1982

Ukungu tangu alfajiri. Nguo za juzi bado mbichi. Rozalia wa kota ya pili ameniletea madonge manne ya uzi mweupe wa sufu. Kaka yake ameuvusha kutoka Kenya kwa njia za panya — mpaka umefungwa, na maduka ya Karatu hayana hata uzi wa kushonea. Anataka sweta na kofia ya mtoto. Mimba ya kwanza iliharibika. Hii anategemea kujifungua mwisho wa Januari. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Jioni mume wangu, Inosenti, amerudi na habari za hotelini. Ni mpishi huko, hakosi jipya. Mgeni mmoja ametundika mlangoni shada la Krismasi lililofumwa kwa misuko, kama nywele. Padri atakuja kubariki nyumba siku ya Krismasi, na meneja amekubali kula kwetu. Inosenti anataka ukuta uwe na kitu. Nikamwambia uzi hakuna. Wote wawili tukatazama kikapu chenye uzi wa Rozalia.

Jumatano, 8 Desemba

Nimeanza shada. Donge moja tu! Krismasi ikipita nafumua, nafuma sweta. Januari iko mbali na uzi hauozi. Masista walitufundisha msuko kwa sindano ya tatu, fupi — yangu nimeikata kwenye spoku ya baiskeli. Vishono vitatu vinasubiri mbele, vitatu vinapita nyuma. Mikono haijasahau. Lakini nafuma mlango ukiwa umefungwa. Kama si kosa, nimeufunga wa nini?

Jumanne, 14 Desemba

Msuko unakula uzi! Niko donge la tatu. Rozalia ameniuliza uani kama nimeanza. Nikasema nimeanza, tena inakwenda vizuri. Akashukuru, akaniachia maziwa. Chai imenishinda leo.

Ijumaa, 17 Desemba

Limekwisha, na madonge yote manne. Lilikuwa linalegea kama mkanda mkuukuu, kwa hiyo Inosenti ameleta wanga, ule wa vitambaa vya meza vya hotelini. Nikalichovya, nikalikausha juu ya jiko. Sasa limekaa duara, gumu, misuko imesimama. Ni zuri. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi, na nikibaki nalo peke yangu naligeuzia mgongo.

Jumatatu, 20 Desemba

Rozalia amejifungua! Walimpeleka hospitali alfajiri kwa Land Rover. Mtoto wa kike, ametangulia zaidi ya mwezi. Mdogo mno. Damiano, mumewe, amekuja kuchukua nguo. Alisimama mlangoni, hakuingia kwa sababu ya matope. Nikamwambia mikono ya sweta bado.

"Basi kofia tu, Mama Sylvesta. Nesi anasema kichwa kisipate baridi."

Nikampa kofia ya zamani ya Sylvesta wangu. Itamfika mtoto mabegani. Damiano akashukuru vilevile.

Nilitaka kufumua papo hapo. Inosenti akanizuia: hospitali kuna mablanketi, wageni ni Jumamosi, tusiaibike. Nikamsikiliza. Simlaumu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia.

Jumanne, 21 Desemba

Sikulala. Asubuhi nimelitoa ukutani, nimefumua. Wanga umeshika kama gundi, uzi unakatikakatika. Nimeufua kwa maji ya moto, nimeutundika juu ya mkaa. Inosenti hasemi na mimi.

Alhamisi, 23 Desemba

Uzi haukauki kwa ukungu huu. Unanuka moshi. Sijafuma hata kishono kimoja.

Mchana Land Rover imewarudisha — hospitali imejaa, na mtoto ananyonya. Kota yao baridi, Damiano akaenda kutafuta mkaa, Rozalia akaja moja kwa moja kwangu, kwenye jiko. Sikupata muda wa kuuondoa uzi. Akaushika. Yeye ndiye anayetusuka wanawake wote wa hapa. Anajua kitu kilichosukwa kikafumuliwa kinavyobaki na mawimbi. Akavuta uzi mmoja, akauachia, ukajikunja tena.

"Mama Sylvesta, ulisuka nini?"

Nikasema ngoja nikupikie uji. Nikapika. Akanywa, hakurudia swali. Akanipa mtoto, akasema mikono yangu ina joto. Kisha akajilaza kitandani kwangu.

Mtoto nimemfunga kifuani, ndani ya sweta langu. Ni mwepesi, naogopa hata kukohoa. Kila mara naweka kalamu chini nisikie kama anapumua. Anapumua. Bwana Yesu, nilitundika joto lake ukutani lipendeze watu!

Nitamwambia. Akiamka tu, nitamwambia.

Kitanda kimelia. Rozalia amegeuka, yuko macho, ananitazama. Na mimi naandika, naandika tu, ili nisiinue uso.