Mikate Sita ya Jumamosi

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Siku ya tisini na tisa ya eda. Mvua tangu alfajiri. Mikono imezoea — Jumamosi ikifika inataka unga, haijali kwamba mume wangu Hakizimana yuko kaburini. Nimekanda, nimesukuma, nimepaka siagi, nimekunja mara tatu. Mtindi niliutundika jana kwenye kitambaa, leo umekuwa jibini laini kabisa. Vinyomoro, yale matunda mekundu, nimevichubua nikavichemsha na sukari mpaka vikawa rojo. Mikate midogo kumi na miwili, jibini na rojo ndani, kama kawaida. Sita yetu, sita ya kuwapelekea vijana wa dukani kwake Nyabugogo. Nimejikuta naipanga ile sita kwenye boksi. Nani ataipeleka? Mjinga mimi!

Mama mkwe amekula miwili. Siku hizi hali kingine ila hii na chai. Tangu mazishi anakaa hapa kwangu Biryogo, eti anilinde nisitoke mpaka eda iishe. Nitoke niende wapi?

Mikate ikiwa ndani ya oveni nikaona nipange nguo za marehemu za kutoa sadaka. Mfuko wa ndani wa koti la kijivu — karatasi imekunjwa mara nne. Hati ya nikahi. Bukavu, miaka miwili iliyopita. Jina la mume wangu, sahihi yake ile yenye mkia mrefu. Na jina la Leila, yule aliyekuja msibani.

Kwa hiyo ni kweli.

Mikate imeungua chini. Nimeikwangua kwa kisu.

Jumapili, 21 Septemba

Sikulala. Niandike sawasawa, angalau hapa nisijidanganye.

Yule mwanamke alikuja siku ya tatu ya msiba. Tumbo la miezi mitano. Akaanguka mlangoni akilia kunishinda mimi. Akasema ni mke, nikahi ilifungwa Bukavu, hati alibaki nayo marehemu. Usumani, mdogo wake marehemu, akampigia simu kila shahidi aliyetajwa, hakuna hata mmoja aliyepatikana. Akamtoa nje. Bila hati ni maneno matupu, alisema. Leila akarudi kwake Kimironko akakaa eda yake huko, peke yake. Mimi nilinyamaza. Niliona raha. Ndiyo, niliona raha!

Leo mama mkwe kaniuliza, macho yake kwenye tasbihi: katika nguo za mwanangu hukukuta karatasi? Nikasema sikukuta. Akainua macho. Nikaongeza wallahi. Hakuniomba niape.

Karatasi nimeificha ndani ya kopo tupu la hamira, rafu ya juu.

Jumatano, 24 Septemba

Umulisa kapiga simu kutoka Kampala. Ni binti yangu, nimemwambia yeye tu. Hakufikiri hata kidogo. "Choma, Mama. Oveni si iko hapo? Ametuibia Papa, sasa anataka na jina yake!" Sauti ile ile ya baba yake akikasirika. Nikasema nitatafakari. Akasema, nini ya kutafakari?

Nimewasha oveni. Nimekaa mbele yake nimeshika karatasi, labda dakika kumi. Umeme ukaisha kwenye mita. Nimecheka peke yangu mpaka mama mkwe akauliza kuna nini.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, watu wote wako kwenye usafi wa mtaa. Njia kimya mpaka saa tano.

Stroberi leo. Nyirarukundo, jirani yangu, ndiye ananinunulia sokoni kwa kuwa mimi sitoki. Ameleta matunda na maneno juu yake. "Disi, masikini wewe, usinikasirikie. Watu ya huku chini wanasema nyumba ya eda iko inanukia vanila. Wanasema mjane iko anajipaka marashi." Nijipake vanila ya mikate! Nilitamani kumrudishia stroberi zake. Mama mkwe alikuwa amesikia, nikajua leo nitakoma. Akasema tu, mwambie huyo anayenusa aje ale.

Baada ya saa tano akaja Usumani. Nikampa boksi, mikate sita, nikamwomba awapelekee vijana wa dukani kama alivyokuwa akifanya kaka yake. Akanitazama hivi.

"Vijana gani, shemeji? Mimi niko kwa hiyo duka miaka nane. Sijaona hata makombo."

Nimekaa jikoni mpaka adhuhuri. Miaka miwili, kila Jumamosi, naamka saa kumi na moja. Nasukuma. Nakunja. Nachagua ile sita iliyotoka vizuri, ile yetu ndiyo iliyopinda. Nafunga boksi kwa uzi lisifunguke njiani. Yeye ananishukuru, ananiambia una moyo mzuri, Mama Umulisa.

Nilikuwa nampikia yule Leila. Mimi! Kwa mikono hii hii.

Namchukia marehemu. Astaghfirullah. Lakini ndivyo.

Jumanne, 30 Septemba

Leila amejifungua leo asubuhi. Mvulana. Usumani ndiye kaleta habari.

Basi eda yake imekwisha. Mwenye mimba akijifungua yuko huru, anaweza kutoka, kusimama juani, kununua nyanya zake mwenyewe. Mimi bado siku ishirini na mbili. Hata kwa hili amenitangulia.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama mkwe kaamua. Siku ya saba mtoto aletwe hapa. Akiwa wetu atapewa jina na kuchinjiwa. Akiwa si wetu, mama yake amchukue na asionekane tena mlangoni hapa.

Usumani: "Tutajuaje, kwa sura?"

Mama mkwe akasema sura ya mwanawe anaijua. Usumani akasema sura haina sahihi. Kisha wote wawili wakanigeukia, mimi nimesimama na trei ya chai. Nikaanza kumimina.

Je, nina huruma? Ningependa kuandika kwamba ninayo. Sina. Kila nikimfikiria namwona akifungua ule uzi wangu. Lakini mtoto hakufungua uzi wa mtu.

Na kiapo je? Nikiitoa karatasi sasa nitasema nini, kwamba imeota kabatini? Mama mkwe atajua niliapa uongo usoni pake. Mwanamke aliyekula kwa mkono wangu miezi mitatu na nusu! Hatanitazama tena. Nisipoitoa, mtoto hana baba. Ni hayo mawili tu, la tatu halipo. Nimelitafuta.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jumatatu, nami napika mikate ya Jumamosi. Mama mkwe alisema mgeni hapewi chai tupu.

Niandike haraka, wako sebuleni.

Taksi ilifika saa nne. Leila amekonda, macho yamevimba. Ni mdogo! Hamzidi Umulisa sana. Msibani sikuona, niliona tumbo tu. Akainama: "Assalamu alaykum, dada." Nikaitikia. Salamu haikataliwi.

Nikaweka trei ya kwanza mezani. Akachukua mkate mmoja kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuambiwa rudisha. Akauma. Akaacha kutafuna.

"Hizi… Alikuwa ananiletea hizi kila Jumamosi. Alisema ananunua hoteli."

Akaniangalia mikono, unga mpaka kwenye viwiko. Nikaona anavyoelewa, polepole, hatua kwa hatua. Akaanza kulia, mkate bado anao mkononi. "Dada, wallahi sikujua. Sikujua ni wewe." Nimemwamini. Laiti nisingemwamini! Hakizimana ametudanganya sote wawili kwa boksi moja, kisha akafa.

Usumani hakuguswa. "Hata hawara analetewa keki. Karatasi iko wapi?"

Leila akasema alimpa mume wake aitunze, hana jibu jingine, hata wamuulize mara mia. Usumani akasema basi tumalize leo, taksi bado inangoja.

Hapo ndipo ile trei ya pili ikaanza kunukia. Nikainuka. Mama mkwe naye akainuka, akamtoa mtoto mikononi mwa Leila, akanipa mimi hivi hivi na unga wangu. "Nenda naye jikoni. Mama mkubwa naye amshike kidogo."

Kasema mama mkubwa. Mbele ya wote. Anajua? Alijua tangu siku ile ya wallahi? Alirudi tu kwenye kiti chake.

Nimeitoa trei. Imeokoka, pembe tu zimekolea. Naandika kwa mkono mmoja, daftari juu ya gunia la unga. Mtoto ni mzito kuliko anavyoonekana. Masikio ni ya Hakizimana, yamechomoza vilevile, hayahitaji shahidi. Ananuka maziwa. Hati iko mfukoni mwa aproni. Niliishusha asubuhi niichome kabla hawajafika. Oveni ilikuwa tayari, moto tele, na sikuichoma, nikaingiza mikate. Sasa miguu ya mtoto inaikanyaga, naisikia inavyokwaruza.

Usumani ananiita.

"Shemeji! Wewe ndiye ulipanga nguo. Uliona karatasi ama hukuona? Sema, huyu aende!"

Mara ya pili hiyo. Leila bado analia. Mama mkwe simsikii kabisa.

Mtoto ndiyo kwanza amelala. Nikijibu kutoka huku lazima nipaze sauti, ataamka. Na hapa jikoni nitamlaza wapi? Trei ya moto, visu, birika.

Itabidi niende naye, na karatasi yake.