Polisi Aliyeniamkia Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tumba tu wazima, na babu yako kikohozi kimemwacha. Umeniuliza kama uombe kazi ya polisi.

Tulipokuwa wageni hapa Sweden, babu yako alipotea kutwa nzima kwenye theluji. Mlango ukabishwa. Kufungua, nikaona sare ya polisi, nikainua mikono juu kama tulivyozoea Bujumbura.

“Shikamoo, mama.”

Nikamtazama usoni. Alikuwa binti, mweusi kama mimi!

“Shusha mikono, mama. Mzee yuko garini, mzima.”

“Mwanangu, nani alikuruhusu kuvaa nguo hizo?”

Akacheka. “Niliomba, mama, wakanifundisha.”

Babu yako akashuka, amevaa glavu za yule binti. Hadi leo ananilaumu kwamba nilimkumbatia polisi kwanza.

Bibi yako akupendaye